Kichwa cha Kibwana

Mkiniuliza ni nchi gani hiyo, nitasema sijui, na mkinishika mkono nitaapa. Iko huko huko ziliko nchi nyingine. Ina mto, ina reli, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko inavyohitaji, na ina Mkuu Kabisa. Zamani aliitwa Mkuu tu, lakini ikaonekana kuna wakuu wengi mno nchini, mkuu wa shule, mkuu wa soko, mkuu wa stendi ya mabasi, hata watu wakawa wanakosea salamu. Ikabidi aongezewe neno.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja fundi cherehani, jina lake Mashavu. Mume wake, Kibwana, alikwenda vitani akiwa amevaa shati aliloshonewa na mkewe, shati jeupe lenye mfuko mweusi, kwa sababu kitambaa cheupe kilimwishia Mashavu alipofika kwenye mfuko. Walicheka sana juu ya mfuko huo. Kibwana akaondoka nao kifuani na hakurudi. Wenzake waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho kwenye daraja la Ruhova, mzima kabisa, halafu ikaanza mizinga, na baada ya mizinga hawakumwona. Hakuna kaburi, hakuna maiti ya kuosha wala ya kuzika. Binti yake, Sikudhani, alizaliwa vita vimekwisha, akakuta baba ni jina tu.

Lakini picha ilikuwepo, tena nzuri. Mgeni mmoja mwenye kamera alipita pale darajani kabla ya mizinga, akawapiga picha wapiganaji wakipumzika, akaenda zake kwao. Baadaye aliiletea nchi ile picha moja, kubwa ukubwa wa mlango, ikatundikwa katika Nyumba ya Kumbukumbu. Mbele ya wenzake amesimama Kibwana na mfuko wake mweusi, mkononi ana muhogo wa kuchoma, na anacheka. Chini yake pameandikwa: WAPIGANAJI WAKILA MUHOGO BAADA YA KUVUKA.

Watu wengine huenda makaburini. Mashavu alikwenda Nyumba ya Kumbukumbu. Kila Siku ya Ushindi alimbeba Sikudhani mgongoni, na Sikudhani alipoanza kutembea alimshika mkono, wakasimama mbele ya picha, na Mashavu akamweleza Kibwana habari za nyumbani: paa linavuja, cherehani imepata mkanda mpya, mwanao ameng'oka meno ya mbele usimcheke. Sikudhani yeye alikuwa anatazama ule uso, anatazama mpaka anaambiwa twende. Tangazo mlangoni lilikataza kupiga picha humo ndani, kwa hiyo uso wa Kibwana haukuwepo mahali pengine popote hapa duniani ila pale ukutani. Jirani alipomwambia Mashavu kwamba hilo ni jambo la hatari, Mashavu alimshangaa. Ukuta wa serikali, alisema, nani atauibia?

*

Sasa kuna jambo dogo kuhusu vita vile, ambalo wananchi wote wanalijua na hakuna anayelisema, na mimi pia nalitaja kwa sauti ya chini. Mkuu Kabisa hayumo katika picha hata moja. Wenye roho mbaya wanadai kwamba miaka ile ya mapigano alikuwa ng'ambo akisomea utunzaji wa bustani za hoteli. Mimi simo. Ninachojua ni kwamba katika hotuba zake alikuwepo kila penye risasi, na kwamba bustani za Ikulu zimetunzwa vizuri ajabu.

Mwaka mmoja, Siku ya Ushindi ikikaribia, Mkuu Kabisa alifika kuikagua Nyumba ya Kumbukumbu. Akasimama mbele ya picha ya darajani. Akasoma maneno ya chini.

"Muhogo?" akauliza.

Akaingia garini, msafara ukaondoka na ving'ora vyake. Waziri wa Mambo Yaliyokwisha Kupita, Mheshimiwa Dakta Mkumbulu, alibaki kwenye ngazi jasho likimtiririka hadi ndani ya soksi. Alipopata nguvu ya kushika simu, alimpigia fundi mkuu wa picha wa serikali, Bwana Tegemea.

"Tegemea! Kichwa cha picha ya darajani hakifai. Hakifai kabisa! Kiondoe, weka kingine chenye hadhi. Mkuu Kabisa aonekane humo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Kichwa."

"Kichwa!"

Nanyi mmeshaona balaa lilipoingilia. Waziri alikuwa anasema juu ya yale maneno, ambayo pale wizarani huitwa kichwa cha picha, ingawa yamekaa miguuni. Alitaka yaandikwe mengine, pengine WAPIGANAJI CHINI YA UONGOZI IMARA WA MKUU KABISA WAKITAFAKARI BAADA YA KUVUKA. Lakini Tegemea alikuwa mtu wa picha, si mtu wa maneno, na kwake yeye kichwa ni kile chenye pua. Kuuliza hakuuliza. Katika nchi ile anayeuliza huonekana hakuelewa, na asiyeelewa hutafutiwa sababu. Akachukua wembe, akakata kichwa cha Kibwana taratibu kuzunguka shingo, akachukua picha rasmi ya Mkuu Kabisa, ile iliyomo kila duka na kila kinyozi, akakata kichwa, akakibandika. Kwa kuwa picha rasmi ina tai, mpiganaji wa darajani akawa na vumbi hadi magotini na fundo la tai kooni. Maneno ya chini Tegemea hakuyagusa, maana hakuagizwa.

Siku ya kufunua ilipofika walikuja mabalozi, maaskofu, masheikh na bendi ya polisi. Pazia likavutwa. Dakta Mkumbulu alipoona kilichokuwa nyuma ya pazia, alishika kiti cha balozi, na balozi akashika kofia yake. Yule wa tarumbeta, aliyekuwa amejaza mashavu, aliutoa upepo kwa puani.

Mkuu Kabisa akasogea. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha machozi yakamtoka, machozi ya kweli, mimi nilisimuliwa na mtu aliyekuwa karibu.

"Naikumbuka siku ile," akasema. "Jua lilikuwa kali."

"Kali sana, Mtukufu!" ukumbi ukaitikia. Balozi wa nchi ya theluji naye akakiri kwamba jua lile alilisikia hadi kwao.

"Na hiki mkononi mwangu?"

Dakta Mkumbulu alijua kwamba hapo ndipo atakapokufa au atakapopandishwa cheo. "Simu ya upepo, Mtukufu," akasema. "Simu ya vita, iliyofichwa ndani ya muhogo, adui asiitambue."

Mkuu Kabisa alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ilikuwa nzito," akasema.

Na makofi yakapigwa mpaka mikono ikavimba. Jioni hiyo hiyo Waziri alivishwa Nishani ya Ukweli, Daraja la Kwanza.

*

Kesho yake ilikuwa Siku ya Ushindi, na Mashavu alikuja kama kawaida yake, kamvalisha Sikudhani gauni la kijani alilolishona kwa siku hiyo. Alianza kuzungumza kabla hajafika mbele ya picha. "Baba Sikudhani, paa tumeliziba," alikuwa anasema, na akainua macho.

Alidhani amekosea chumba. Akatoka, akasoma kibao, akaingia tena. Daraja lile lile. Wenzake wale wale. Mfuko mweusi upo. Muhogo upo. Na juu ya shingo ya mumewe anamtazama Mkuu Kabisa, hacheki.

"Mama, baba yuko wapi?" Sikudhani akauliza.

Mashavu akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani. "Huyu ni mume wangu! Mmemfanya nini mume wangu?"

Jamani, fikirini jambo hilo lilivyosikika. Ukumbi umejaa wageni, mwanamke anainyooshea kidole sura ya Mkuu Kabisa na kusema huyu ni mume wangu, na pembeni ana mtoto mwenye pengo anayemwita baba. Askari walifika kabla hajavuta pumzi ya pili.

Kituoni alipokewa na Inspekta Kigoda, mtu mpole aliyependa mambo yanyooke.

"Mama, umesema yule pichani ni mumeo."

"Ndiyo."

"Yule ni Mkuu Kabisa."

"Najua."

"Kwa hiyo Mkuu Kabisa ni mumeo."

"Astaghfirullah! Mimi nimesema kiwiliwili. Kiwiliwili ni cha mume wangu. Kichwa ndicho cha huyo wenu."

Inspekta akaweka kalamu chini. "Wenu?"

"Wetu," Mashavu akasema haraka.

"Una maana Mkuu Kabisa hana kiwiliwili chake mwenyewe?"

"Anacho, baba. Nakiona kwenye televisheni kila siku. Lakini si kile."

"Basi anavyo viwili."

"Mfuko ule mweusi nimeushona mimi kwa mkono wangu! Niletee shati hilo nikuonyeshe mshono!"

Uso wa Inspekta ukaanza kung'aa kidogo kidogo. "Mama," akasema, "mbona hukusema mapema? Mambo yamenyooka. Pichani ni Mkuu Kabisa. Shati umelishona wewe. Kwa hiyo wewe ulimshonea Mkuu Kabisa shati la ukombozi. Sasa sikiliza. Naweza kukuandika mchochezi, ambayo ni jela. Naweza kukuandika kichaa, ambayo ni jela yenye sindano. Au naweza kukuandika Fundi Cherehani wa Ukombozi, ambayo ni cheti na kanga. Chagua mwenyewe, serikali haimlazimishi mtu."

Mashavu alimtazama binti yake. Sikudhani alikuwa amejikunja kwenye benchi, gauni limelowa kwa kujikojolea, meno yanagongana. "Mama, sema fundi," akalia. "Sema fundi twende nyumbani."

Akasema fundi. Akapewa kanga. Njia nzima alikuwa akijisikia uchungu kifuani mahali pale pale penye mfuko wa shati, na hakuweza kumwambia mtu.

*

Lakini Mashavu hakuwa mtu wa kukaa kimya moja kwa moja. Kiwiliwili alikwishawapa, akajisemea, basi wampe kichwa. Kichwa kilichokatwa kimewekwa mahali. Akaamkia wizarani.

"Natafuta kichwa," akamwambia karani wa mapokezi.

"Kichwa cha habari? Chumba cha magazeti, mkono wa kulia."

Chumba cha magazeti wakamwambia wao wana vichwa vya habari za leo tu, vya jana vimefungiwa vitumbua. Akarudi mapokezi. "Kichwa cha treni?" karani akamuuliza safari hii. "Hicho kiko karakana ya reli, tangu mwaka juzi hakijatoka." Mashavu akasema ni kichwa cha mtu. Karani akampa vidonge viwili na maji, akamwambia apumzike, na yeye chake kinamsumbua hivyo hivyo. Akapelekwa Idara ya Mifugo, ambako kulikuwa na vichwa vya ng'ombe kwa ajili ya mafunzo. Akapelekwa kwa mkuu wa mtaa, ambaye alimweleza kwamba kichwa cha familia ni mwanamume, na kama mume hayupo basi ni kaka yake. Watu wote hao walimpokea vizuri. Hilo ndilo lililomchosha.

Hatimaye, baada ya mvua kuja na kwenda, alimvizia Waziri mwenyewe kwenye maegesho. Dakta Mkumbulu alipoisikia shida yake aligeuka kushoto, akageuka kulia, akamvuta nyuma ya gari.

"Dada yangu," akanong'ona, "mimi nilimaanisha maneno. Wallahi maneno tu! Yule mpumbavu akaenda kukata mtu."

Mashavu alishikwa na furaha hata akamshika mkono. "Basi sema, Mheshimiwa! Sema ilikuwa makosa, wabandike cha zamani!"

"Nikisema ilikuwa makosa, ina maana Mkuu Kabisa hakuwepo darajani. Na yeye amekumbuka. Amelia mbele ya mabalozi. Unataka nimwambie mtu mzima kwamba machozi yake yalikuwa ya bure? Na kama yeye hakuwepo, nani alitukomboa?"

"Kibwana," Mashavu akasema. "Na wenzake."

"Na muhogo?" Waziri alimtazama kwa huruma kweli kweli. "Dada yangu, nchi haiwezi kukombolewa na watu wanaotafuna."

Mashavu akaanza kulia. Waziri akampa leso yake. "Usilie. Kichwa kipo. Sheria ya Nyumba ya Kumbukumbu inasema kilichoingia humo hakitupwi kamwe. Kiko stoo, kwenye sanduku, chini ya kufuli. Kwa hiyo chukulia kwamba mumeo si mtu aliyepotea tena. Yuko kizuizini. Wangapi katika nchi hii wanajua mtu wao alipo?"

*

Nawaambia, baada ya hapo ikawa kazi. Kwa kuwa Mkuu Kabisa alikumbuka daraja la Ruhova, akaanza kukumbuka na kwingine. Kila alipoamka na kumbukumbu mpya, Tegemea alinoa wembe. Akawekwa kwenye picha ya kuvuka mto, ya kuteka ngome, ya kubeba majeruhi, na katika hiyo ya majeruhi alikuwa ndiye abebaye na ndiye abebwaye. Siku moja Tegemea alichoka akambandika kwenye picha ya mateka wa adui, amefungwa kamba. Wizara ikatoa taarifa kwamba alikuwa akipeleleza. Gavana wa zamani wa kikoloni, aliyesimama katikati ya mji kwa shaba na kaptula na mbwa wake, alikatwa kichwa na kuwekewa cha Mkuu Kabisa, na watoto wakafundishwa jina la yule mbwa. Pale Ruhova penyewe ikasimamishwa sanamu ndefu kuliko mnara wa simu, imeinua muhogo hadi sikioni.

Vichwa vya wenyewe vikaingia sandukuni, kimoja juu ya kingine.

Sikudhani akakua katikati ya mambo hayo. Shuleni waliwapeleka Nyumba ya Kumbukumbu, mwalimu akamwambia aeleze jinsi simu ya muhogo ilivyofanya kazi, akaeleza, akapata alama zote. Alirudi nyumbani akampa mama yake karatasi bila kumtazama usoni. Mashavu akamwambia hongera. Akamwambia pia, mlango ukiwa umefungwa, kwamba baba yako alikuwa mzuri, alikuwa na cheko.

"Cheko la namna gani?"

"La kucheka, mwanangu. Anacheka hivi."

Na Mashavu akajaribu kumwonyesha. Lakini miaka ilikuwa inakwenda, na Mkuu Kabisa alikuwa kwenye noti, kwenye daftari za shule, kwenye kanga aliyopewa kituoni, kwenye mfuko wa unga. Siku moja, anatia uzi kwenye sindano, alimkumbuka Kibwana siku ile ya mfuko mweusi, walivyocheka wote wawili hadi wakakaa chini. Aliiona sakafu. Aliliona shati. Akainua macho ya moyo wake amtazame mumewe usoni, na aliyekuwa amekaa pale sakafuni anamchekea alikuwa Mkuu Kabisa, na tai yake.

Mashavu aliitupa sindano. Akatoka nje, akanawa uso, akarudi, akajaribu tena kuanzia mwanzo, siku ya harusi, siku ya kuagana. Yule yule. Mtu huyo alikuwa ameingia hata mahali ambapo Tegemea hakuwa na wembe wa kufika. Aliona aibu kubwa, aibu ya mwanamke aliyekutwa na mume wa watu, na hakumwambia yeyote.

Sikudhani akaolewa, akapata mimba. Mimba ilipokuwa kubwa alimjia mama yake jioni moja akakaa karibu na cherehani. "Mama, mtoto huyu akizaliwa watu watasema kafanana na fulani na fulani. Wa upande wa baba watamjua. Mimi sitajua kama kafanana na baba. Nilikuwa namkumbuka, wallahi nilikuwa namkumbuka, siku hizi sioni kitu. Wewe unamwona?"

"Namwona," Mashavu akasema, na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani ingawa kitambaa kilikuwa kimekwisha.

*

Ndipo ulipotangazwa Msamaha wa Vichwa.

Inasemekana Dakta Mkumbulu, ambaye sasa alikuwa mzee na alikuwa halali vizuri, ndiye aliyeomba. Alimweleza Mkuu Kabisa kwamba sanduku limejaa, mende wameingia, na kwamba wanawake wengi mno wanazungukazunguka wizarani wakisema wanatafuta vichwa, wageni wanauliza. Mkuu Kabisa, akiwa katika furaha ya siku ya kuzaliwa kwake, akakubali. Redio ikatangaza kwamba vichwa vyote vilivyopatikana vimekalia nafasi ya Mkuu Kabisa katika picha za kihistoria vimesamehewa kosa hilo, vitaachiliwa huru, na jamaa zao wafike uwanja wa mpira kuvichukua.

Mashavu alikwenda peke yake, kwa kuwa Sikudhani alikuwa hawezi tena kutembea mbali. Alivaa nguo yake bora. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake, wengi wazee, wengine wameshikwa mikono. Bendi ya polisi ilipiga. Dakta Mkumbulu akasoma hotuba kuhusu moyo wa kusamehe, kisha askari wakaleta meza, na juu ya meza masinia ya kulia pilau, na ndani ya masinia vichwa. Vya karatasi, ukubwa wa sahani, vimepinda, vimegeuka njano, vingine vimeliwa sikio, vingine vimeliwa jicho. Bendi ikanyamaza. Hakuna aliyeiambia.

Mashavu alipita sinia la kwanza, la pili. Vijana watupu. Hilo alikuwa hakulifikiria: kwamba wote watakuwa vijana, na yeye amezeeka. Akafika kwenye kichwa kimoja kinachocheka, shavu moja limejaa, na mkono wake ukaenda wenyewe.

"Ndiye," akasema. "Ndiye! Muhogo huo mdomoni!"

Mkono mwingine ulikuwa umekishika upande wa pili. Ni mwanamke mfupi, mwenye mtandio wa buluu, machozi yanamtiririka. "Shaweji," alikuwa anasema, "Shaweji wangu, jino bado limekuvimbisha shavu? Nilikwambia ungoje nikutafutie dawa. Nilikwambia, hukusikia." Wala hakumwona Mashavu. Alikuwa analipapasa lile shavu kwa kidole gumba.

Mashavu alifungua mdomo aseme, huyu ni wangu. Akamtafuta Kibwana moyoni ili amlinganishe, akamtafuta kwa nguvu zake zote, sakafuni, harusini, mlangoni siku ya kuagana. Kila alipogeuka alimkuta Mkuu Kabisa. Hakuwa na kitu cha kulinganishia. Mwenzake hakuwa na shaka, na yeye alikuwa nayo.

Akakiachia kile kichwa.

"Mchukue, dada," akasema. "Ni wako."

Askari aliyesimama nyuma ya meza alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwona mama mzima amesimama mikono mitupu, akamwonea huruma, akamsogezea sinia. "Chagua kingine, mama," akasema. "Vipo vingi."

Alisimama pale muda mrefu. Wenzake walichukua, walilia, waligombana, waliondoka. Mwisho katika sinia vilibaki vile ambavyo havikuwa na mtu: waliokufa mama zao, waliohama jamaa zao, wasio na wa kuwauliza. Kimojawapo kilikuwa cha kijana mwenye masikio makubwa, anatazama pembeni kana kwamba kuna mtu amemwita. Wala hakuwa anacheka. Mashavu alikitazama, akavua mtandio, akakifunga ndani yake, akaondoka nacho.

Sikudhani alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba, tangu asubuhi hajala. Alipoona mama yake amekumbatia kitu alijiinua kwa kushika mlango. "Umempata?"

Mashavu aliufungua mtandio juu ya cherehani. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yalikuwa maneno ya kweli, na hakuna hata moja lililotoka.

Sikudhani akainama. Akatazama, akatazama, kama alivyokuwa akitazama zamani mpaka aambiwe twende. Kisha akapeleka mkono kwenye sikio lake mwenyewe. "Mama!" akasema. "Haya masikio! Watoto walikuwa wananicheka shule nzima, mbona hukuniambia? Ni yake! Mama, ni ya baba!"

"Ni yake," Mashavu akasema.

Binti yake alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akajifuta uso kwa kanga, akajiweka sawa nguo, akapiga goti hivyo hivyo na tumbo lake mbele ya cherehani. "Shikamoo, baba," akasema.

Akangoja. Karatasi ilikuwa inatazama pembeni. Sikudhani alikuwa bado amepiga goti, ameinamisha kichwa, na hakuonekana kama ana haraka ya kuinuka. Mashavu aliona kwamba hakuna mtu mwingine mle ndani wa kuitikia.

"Marahaba," akaitikia, kwa sauti nzito kidogo.